Maziwa Niliyomlazimisha Mjukuu Wangu

Niwieni radhi, nitazungumza nimekaa. Miguu hii ilifanya kazi ya mkonge tangu ujana, sasa haitaki kusimama muda mrefu. Salamu zenu nimezisikia, za kanisani na za msikitini, na zote nimezipokea.

Mama mwenyekiti wa kikundi hiki cha walezi ameniomba mara tatu nije kusema. Mara ya kwanza nilimwambia naumwa. Mara ya pili nikamwambia ng'ombe anakaribia kuzaa. Ng'ombe hakuwa na mimba hata kidogo. Leo nimekuja kwa sababu nimechoka kutafuta sababu.

Majina sitataja. Nitasema mjukuu wangu, mwanangu, na mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu. Wanaonifahamu hapa Chanika watajua nawasema kina nani, na wasionifahamu hawapotezi kitu.

Nilizaliwa kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Baba yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge, akazikwa hukohuko. Kambini chai ilikuwa ya rangi asubuhi na jioni, na sukari ikikosekana tulikunywa maji ya moto yenye majani. Maziwa niliyaona kwa mnyapara. Mwanawe alikuwa anatoka nje na kikombe mkononi, midomo myeupe, anatuangalia. Moyoni nilijiapiza kwamba mtoto wa nyumba yangu hatakunywa chai ya rangi maadamu nina mikono.

Nilipoacha mkonge nikahamia Handeni, nikaoa Mzigua wa Mazingara, tukajenga hapa Chanika. Siku niliyomfunga ng'ombe wangu wa kwanza wa maziwa bandani, nililia machozi. Mke wangu alinicheka sana. Sasa ni marehemu, na pengine angekuwepo haya nisingeyafanya, kwa maana alikuwa na njia ya kunikataza bila watu kujua nimekatazwa.

Basi nyumbani tulibaki mimi, mwanangu wa mwisho, mkewe, na mtoto wao wa kike. Mwanangu ni dereva wa lori, anaweza kumaliza wiki tatu hajafika nyumbani. Mtoto alinyonyeshwa vizuri, akanenepa, akatembea mapema. Alipoachishwa ziwa, mimi ndiye niliyesimama na kikombe. Nilikamua mwenyewe, nikachemsha mwenyewe, nikampa kwa mkono wangu. Nilimwambia, "Kunywa, mama, haya ni ya kwenu."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na hatukujua kwamba ndipo.

Tumbo lilianza kujaa. Anaharisha siku mbili, anapata nafuu, anaharisha tena. Ngozi ikatoka vipele, hasa kwenye mikunjo ya mikono. Mtoto aliyekuwa anakimbiza kuku akawa anakaa kwenye kivuli cha nyumba na kuwatazama. Tukampeleka zahanati, akapewa dawa, akapewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, akapata ahueni. Tukirudi nyumbani, mimi nasema mtoto ametoka kuugua, anahitaji nguvu, namwongezea kikombe. Baada ya siku chache yaleyale. Tulizunguka hivyo kwa muda mrefu, ndugu zangu. Mtu ambaye hajafua nguo za mtoto anayeharisha kwa mwaka mzima hawezi kuujua uchovu ule. Unaamka umechoka, na kazi ya siku haijaanza.

Halafu watu wakaanza kusema. Mmoja akasema ni meno ya plastiki, yale wanayodai humletea mtoto kuharisha. Mwingine akasema ni jicho la mtu. Na mmoja, ambaye alikuja kunywa chai kwangu, akaweka kikombe chini akasema taratibu, "Mzee, huyu mtoto mbona kama amebemendwa?"

Neno hilo mnalijua. Kwa asiyelijua, ni ile imani kwamba mama mwenye mtoto mdogo akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofu. Mwanangu hayupo, yuko barabarani. Mkwe wangu ni binti mzuri, anakwenda sokoni, anacheka na watu. Neno lile likaniingia kama mwiba wa mkonge. Wanaoujua mwiba wa mkonge wanajua hautoki wenyewe, unakaa, unatunga usaha.

Nikaanza kumchunguza. Akichelewa kisimani nahesabu dakika. Akipiga simu natega sikio. Na kadiri nilivyomchunguza, ndivyo nilivyoona mambo, kwa sababu mtu akitafuta kosa halikosekani.

Asubuhi moja nilitoka bandani ghafla, nikamkuta nyuma ya nyumba anamwaga maziwa. Kikombe cha mtoto. Anayamwaga chini ya mgomba, na mtoto amesimama pembeni anatazama.

Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

Alishtuka, lakini hakukimbia. Akasema, "Baba, nisamehe. Nimejaribu siku tano kutompa, na siku tano hajaharisha. Jana ulimpa mwenyewe, na usiku hakulala. Naona ni maziwa, baba."

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mtu amekupa siku tano za ushahidi. Mimi nilisikia kitu kimoja tu: kwamba siku tano mfululizo jasho langu limemwagwa kwenye migomba.

Nikamwambia, "Maziwa yanaua mtoto? Umewahi kuona ndama kauawa na maziwa?"

"Ndama ni ndama, baba."

Jibu lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikapaza sauti. Majirani wakatoka. Na mbele yao, bila kupunguza sauti, nikalisema lile neno. Nikasema, "Wewe ndiye uliyembemenda mtoto, sasa unatafuta wa kumsingizia!"

Hata aliyeniletea neno lile alikuwepo, akaangalia chini. Mkwe wangu hakulia. Aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye khanga. Alipotaka kumchukua mtoto, nilisimama mlangoni, nikasema mtoto ni wa ukoo huu, haendi popote. Akamwinamia mwanawe, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, akaenda zake stendi. Kwao ni Old Korogwe.

Nilimpigia mwanangu simu, nikamweleza nilivyotaka kumweleza. Akasema, "Baba, wewe ndiye uliyeko nyumbani." Nikalichukua jibu lile kama ruhusa. Baadaye nilielewa halikuwa ruhusa. Lilikuwa la mtu aliyezoea tangu utoto kwamba kwa baba yake hakuna mjadala.

Miezi minne nililea peke yangu. Nilijifunza kusuka nywele, vibaya. Nilijifunza kufunga vifungo vidogo vya gauni kwa vidole hivi vilivyokakamaa. Na nilipika. Uji wa maziwa, chai ya maziwa, wali nimeumiminia maziwa, viazi nimevipondea na maziwa, mtindi mchana. Nilitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba mtoto akilishwa na babu yake atanenepa.

Alikonda. Mashavu yakaisha, macho yakabaki. Ikafika mahali akisikia mfuniko wa sufuria ya maziwa tu, anakwenda kukaa nyuma ya mlango. Nikasema ni utundu, mama yake amemfundisha kukataa. Na hapa, ndugu zangu, nawaambia nikiwa na akili zangu timamu, bila mtu kunilazimisha: nilimbana mjukuu wangu pua ili afungue mdomo. Si mara moja. Anapaliwa, analia, anameza, na mimi nasema, "Umeona? Si umekunywa?"

Naomba maji kidogo. Asante, mama.

Jirani yangu, mama mmoja mjane, ndiye aliyenisaidia kufua siku zile. Hakuwa anasema sana. Asubuhi moja alikuja kuchukua nguo, akamkuta mtoto amelala sakafuni, midomo imekauka, anaitwa haitiki. Akanitazama, akaniambia, "Sasa mzee, tunakwenda hospitali au tunakwenda kuchimba?"

Tulikwenda hospitali. Mimi nimembeba mgongoni kwa khanga ya marehemu mke wangu, na sikujali nani ananiona.

Walimtundikia dripu. Wakampima mkono kwa ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo. Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu wa mwisho. Mtoto alipotulia, alivuta kiti akakaa karibu yangu, akasema, "Shikamoo babu." Nikaitikia. Akasema, "Nieleze anakula nini, tangu anaamka mpaka analala."

Nikamweleza. Na lazima niwaambie ukweli, nilimweleza kwa majivuno. Nilimtajia maziwa ya asubuhi, ya kwenye uji, ya kwenye wali, mtindi. Nikasema, "Daktari, huyu hakosi maziwa hata siku moja." Yeye anaandika tu. Nilipomaliza akauliza, "Na siku ambazo hakunywa maziwa, alikuwaje?"

Nikasema hakuna siku kama hizo.

"Hata moja? Mama yake hajawahi kukuambia chochote?"

Akilini nilimwona mkwe wangu amesimama chini ya mgomba na kikombe, anasema siku tano. Nilikaa pale, mzee mzima, mikono magotini. Daktari alingoja. Mwishowe nikasema, "Aliniambia. Nikamfukuza."

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alisema, "Babu, hukumpa sumu. Maziwa ni chakula kizuri kwa watu wengi, ila kuna miili haipatani nayo, na inawezekana huyu ni mmoja wao. Tutayaacha kabisa, na mtindi, na kila chenye maziwa ndani. Tuone."

Siku ya nne mjukuu wangu alipata choo cha kawaida. Msicheke. Nilimkimbilia muuguzi aje aone, kama mtu aliyeokota dhahabu. Siku ya sita aliomba ugali. Na mimi nilitoka nje ya wodi, nikakaa kwenye kibaraza, nikashindwa kufurahi. Kadiri alivyopata nafuu, ndivyo ilivyozidi kuwa wazi kwamba aliyekuwa anamuumiza ni mimi.

Tulipotoka hospitali sikurudi Chanika. Nilipanda basi na mtoto mpaka Korogwe, kwa wakwe zangu. Baba yake mkwe wangu, mzee mwenzangu, alinipokea nje. Alinikaribisha kiti, hakunikaribisha ndani. Mkwe wangu akatoka jikoni. Alipomwona mwanawe alivyokonda, alikaa chini palepale kwenye vumbi, akamchukua. Mtoto akaweka kichwa begani kwake, akafumba macho.

Kisha mkwe wangu akanisalimia. Akiwa amekaa chini, na mtoto mapajani, akaniambia, "Shikamoo baba." Nikaitikia, nikitazama miguu yangu mwenyewe.

Nikasema niliyokuwa nimeyapanga njiani: nimekosa, daktari amesema, ulikuwa na haki, turudi nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji, akaanza kumnywesha mtoto. Nikaona uji mweupe. Nikainuka kwenye kiti. "Una maziwa huo!"

Akasema, "Ni maziwa ya soya, baba. Nilipofika hapa nilimweleza jirani yetu, ni mama wa Kisabato, yeye anakunywa haya miaka yote. Akanifundisha. Nimekuwa natengeneza kila siku, ili siku nikimpata mwanangu niwe najua."

Miezi minne alikuwa anapika maziwa ya mtoto asiyekuwepo.

Mtoto alimaliza kikombe. Mama yake akanifumbua macho kwa maneno machache tu. Alisema, "Baba, mtoto atabaki kwangu. Ukitaka kumwona, njoo siku yoyote. Lakini neno ulilosema, ulilisema Chanika mbele za watu. Kalirudishe hukohuko Chanika, mbele za watu hao hao. Na huyu akija kwako siku moja, akukute unajua kumpikia."

Baba yake akatikisa kichwa kukubali. Nikaondoka.

Kulirudisha neno ni kazi. Kulitupa, mtu anahitaji hasira tu. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa majirani waliosikia, nikawaomba waje Jumapili mchana. Walidhani nina msiba. Nikasimama pale nyuma ya nyumba, nikasema, "Mnakumbuka nilichomwambia mke wa mwanangu hapa. Ulikuwa uongo. Hakumbemenda mtoto, wala hakuna kitu kama hicho. Mtoto aliumizwa na maziwa yangu, na yeye ndiye aliyeona, nami nikamfukuza." Yule aliyeniletea neno alijaribu kusema, "Mzee, hayo yamepita." Nikamwambia kwangu hayajapita. Wakaondoka mmojammoja. Siku ile sikusikia ahueni yoyote, msidanganyike. Nilisikia nimechoka tu, nikalala jua likiwa bado juu.

Sehemu ya pili, ile ya kupika, ndiyo mnayotaka kuisikia, maana mama mwenyekiti alisema nije na soya. Haya.

Nilinunua soya sokoni, nikafikiri ni kama maharage tu. Niliiloweka saa moja, nikaitwanga kwenye kinu, nikachuja, nikachemsha mara moja ikapanda, nikaipua. Nikamkaribisha jirani yangu mjane. Tukanywa. Jamani, tumbo lililotushika! Alirudi kesho yake ameshika kiuno, akasema, "Mzee, umeamua kuniua na mimi?" Kumbe soya isiyoiva vizuri inasumbua tumbo la mtu mzima sembuse mtoto. Nilishukuru Mungu kwamba nilijaribu kwangu kwanza.

Mara ya pili nilichemsha sana, ila sikukoroga. Ikashika chini, nyumba nzima ikanuka moshi. Mara ya tatu ilitoka nzuri, nyeupe, nikaimimina kwenye chai ya tangawizi inayotokota. Ikakatika vipande vipande, kama maziwa yaliyoganda. Nikakaa nikaitazama ile chai. Kuna siku mzee anatamani kumpigia mama yake simu, na mama yake yuko kaburini.

Nikafunga safari kwenda Korogwe, nikamwambia mkwe wangu, "Nimeshindwa." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu ile asubuhi. Alinikalisha jikoni kwenye kigoda, akanifundisha hatua kwa hatua, na mtoto amekaa katikati yetu anachezea maganda. Unachambua soya, unailoweka tangu jioni mpaka asubuhi. Unayamwaga maji yale, unaifikicha maganda yatoke. Unaisaga na maji safi, kwa kinu au kwa blenda, unachuja kwa kitambaa safi ukikamua kwa nguvu. Kisha unachemsha kwa moto wa wastani, unakoroga bila kuacha, ikipanda unapunguza moto, unaendelea tena kwa muda mrefu hadi ile harufu ya ubichi iishe. Chumvi chembe, iliki. Na kwenye chai, unaipasha pembeni, unaitia chai ikiwa imeshaepuliwa na imetulia. Machicha yake usiyatupe, changanya kwenye unga wa chapati.

Nilijaribu na vingine. Tui la nazi kwenye chai lilielea mafuta juu; nilipompelekea mtoto, akasema, "Babu, chai yako ina macho." Lakini kwenye maandazi na wali tui halina mpinzani. Karanga nilizisaga mbichi, nikazichuja, nikazichemsha, zikawa nzuri kwenye uji wa mtama kuliko soya. Soya nayo ikakubali kwenye viazi vya kuponda na kwenye chai. Kila moja ina mahali pake, na itakukatalia mahali pengine.

Ila naomba mnisikilize hapa. Mimi si daktari. Mtoto mchanga ni wa kunyonya, msije mkamwachisha ziwa mkampa soya kwa sababu mzee wa Chanika alisema. Na wengine karanga au soya yenyewe ndiyo inawadhuru. Daktari aliniambia hiki si kitu cha kukaa peke yake. Mtoto alitakiwa apate na dagaa, na mayai, na maharage, na mboga, na tumrudishe kupimwa. Tulimrudisha kila tulipoitwa. Ng'ombe pia hana kosa. Wajukuu zangu wengine wanakunywa maziwa yake na wana afya. Kosa lilikuwa la mwenye ng'ombe.

Sasa mtauliza, mambo yaliishaje. Hayakuisha kama hadithi. Mwanangu aliporudi safari, akasikia yote kutoka kwa mkewe, alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakukaa. Aliniambia, "Baba, ulinifanya nikawa mwoga kwenye nyumba yangu mwenyewe." Akahamia Old Korogwe na familia yake. Wako huko mpaka leo. Tunazungumza, lakini ni mazungumzo ya afya na mvua. Nyumba yangu ya vyumba vinne ninalala mtu mmoja. Kukikucha nakamua, nauza maziwa, na mimi mwenyewe nakunywa chai ya soya, kwa sababu nimezoea kuionja kabla ya kuipeleka.

Kila Jumamosi naipeleka, kwenye chupa ya chai. Mara nyingine mvua inanyesha, magoti yanauma, nafikiri nisiende. Naenda. Mjukuu wangu ameanza shule. Mashavu yamerudi. Mwaka jana, kwa ruhusa ya hospitali, walimjaribu na maziwa kidogo sana, tumbo likamshika tena, wakaacha. Hajali. Anasema yeye ni mtu wa soya. Hakumbuki nilivyombana pua, au kama anakumbuka hajawahi kusema, na mimi sijathubutu kumuuliza. Hilo nimelibeba, na sidhani kama kuna mahali pa kulitua hapa duniani.

Nawashukuru. Namshukuru yule jirani mjane, amekaa kule nyuma na ameniambia nisimnyooshee kidole, simnyooshei. Namshukuru daktari ambaye aliuliza swali na akalingoja jibu lake. Namshukuru mama wa Kisabato ambaye hakunijua na alimfundisha mkwe wangu bure. Namshukuru mzee mwenzangu wa Korogwe, ambaye ziara ya tano aliniambia, "Ingia ndani, jua kali." Na mkwe wangu namshukuru kwa kuniruhusu kuja, maana angeweza kufunga mlango na hakuna ambaye angemlaumu.

Funzo ninalo moja, na si la soya. Sisi tuliokulia shidani huwa tunawapa watoto kile tulichokikosa sisi, tunaita upendo. Tunamtazama mtoto wa mbele yetu, lakini tunamlisha yule mtoto wa zamani, yule wa kambini aliyekuwa na njaa. Yule hatashiba. Alishakuwa mzee. Mtazameni mtoto aliyeko. Mtoto akigeuza uso kwenye kijiko, siku ya kwanza sema ni utundu, siku ya tatu muulize anayekaa naye mchana kutwa ameona nini. Na akikujibu jambo linalokuumiza, kaa chini kwanza, ulisikilize mpaka liishe.

Mimi nimefika mwisho wa nguvu zangu. Soya niliyopika asubuhi iko kwenye chupa ile ya bluu, vikombe viko pembeni, imeiva vizuri, nimeionja. Karibuni mnywe.